Na Mbwa Kiti cha Nyuma: Barabara ya 61, Minnesota

Kila nikituma picha ya Dagaa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, hakosi mtu wa kuuliza nauli yake kalipa nani. Mjomba mmoja wa Magu alikwenda mbali zaidi: akaandika kwamba yeye na umri wote huo hajawahi kulala hotelini, halafu leo mbwa wa mpwa wake analala hotelini na analipiwa. Nikamjibu kwa vile vikatuni vya kucheka, maana kulipiwa kweli analipiwa. Moteli nyingi za huku Minnesota, jimbo la kaskazini mwa Marekani, zinazopokea mbwa hutoza ada ya ziada ya mnyama, na ukishaitoa hairudi, hata kama mbwa hakugusa chochote zaidi ya zulia alilolalia.

Dagaa ni mbwa chotara wa rangi ya mchanga, sikio moja limesimama na jingine limelala. Tulimtoa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa akiwa mbavu zote nje, na binti yangu ndiye aliyempa jina. Siku hizi ana kilo thelathini na ushei, ila jina limeshika. Nilikokulia mimi, Mwanza, mbwa ni mlinzi. Mchana anafungwa bandani, usiku anafunguliwa, na getini kuna kibao cha "Mbwa Mkali" hata kama mwenyewe ni mzee asiye na meno. Kumpakia mbwa kwenye gari, kumfunga mkanda na kumpeleka kutazama maporomoko ya maji ni jambo ambalo zamani ningemcheka mtu. Leo ndilo ninaloliandikia.

Mitandaoni kumejaa orodha za sehemu zinazokaribisha mbwa. Nimezisoma nyingi, na nyingi hazisaidii, kwa sababu zinakwambia mbwa anaruhusiwa bila kukwambia anaishia wapi. Unafika hifadhi "inayokaribisha mbwa" ukitweta kwa furaha, unakuta mwisho wake ni maegesho na barabara ya lami. Njia zenyewe za kutembea hazikanyagi. Ndivyo zilivyo nyingi ya hifadhi kubwa za taifa za Marekani. Kwa hiyo mimi napanga kinyume, naanza na milango iliyofungwa. Makumbusho, hapana. Ndani ya mgahawa, hapana. Ufukwe wa waogaji, hapana. Kisha natazama kilichobaki, na kama kilichobaki ndicho nilichokuwa nakitaka tangu mwanzo, basi hiyo ndiyo safari ya kwenda na mbwa.

Kwa kipimo hicho sijaona njia ya kuishinda Barabara ya 61, ile inayotoka Duluth ikifuata ukingo wa Ziwa Superior hadi mpaka wa Kanada, maili 150 hivi, karibu kilomita 240. Kila cha maana kiko nje, hewani, na aghalabu ni mwendo mfupi wa miguu kutoka unapoegesha. Hifadhi za jimbo, ambazo ni tofauti na zile za taifa, zinafuatana kando ya barabara moja baada ya nyingine: Gooseberry Falls, Split Rock Lighthouse, Tettegouche, Temperance River, Cascade River, Judge C.R. Magney, hadi Grand Portage. Masharti ya mbwa ni yale yale kote. Kamba isizidi futi 6, yaani kama mita 1.8. Asiachwe peke yake. Kinyesi kiokotwe. Haingii kwenye majengo wala vibanda vya kulala, wala hashuki ufukwe wa kuogelea. Lakini njia za kutembea ni ruksa, na njia ndizo hifadhi yenyewe. Tulipokata kibali cha gari kilikuwa dola 7 kwa siku au 35 kwa mwaka, kwa hifadhi zote za jimbo, kwa hiyo anayejua atarudi akate cha mwaka asumbuke mara moja.

Tulikwenda mwishoni mwa Septemba: mimi, mume wangu, binti yetu na Dagaa. Mbu wanakuwa wamepungua, majani yameanza kuwa mekundu na ya dhahabu, na watu wa likizo wamerudi makazini. Kuna sababu nyingine, ya joto. Wakati wa kiangazi mbwa ndani ya gari lililofungwa ni hatari hata kwa dakika chache, na sheria ya Minnesota inakataza kumwacha mbwa garini katika hali ya kuhatarisha afya au usalama wake. Polisi wanaruhusiwa kuingia kwa nguvu kumtoa. Vuli ya huku inakupunguzia hofu hiyo. Bado tulikuwa tunaingia dukani kwa zamu, mmoja amebaki na mbwa.

Kutoka Minneapolis hadi Duluth ni saa mbili na nusu kwa njia kuu ya I-35, na sitawachosha nayo. Wengi husimama Hinckley, mji ulioteketea kwa moto wa msituni tarehe 1 Septemba 1894, watu zaidi ya 400 wakafa. Leo watu wanasimama hapo kununua mikate mitamu ya karameli. Sisi tulinunua, tukaendelea, tukachepuka kidogo kabla ya Duluth kuingia hifadhi ya Jay Cooke.

Hapo ndipo Dagaa alipotuonyesha yeye ni nani. Jay Cooke ina daraja la kuning'inia juu ya Mto St. Louis, mto unaopita kwa kelele kati ya mawe meusi yaliyolala kiubavu. Mafuriko ya Juni 2012 yalilivunja daraja hilo, likafunguliwa upya mwaka uliofuata. Ni imara, lakini linatikisika, na ukiwa na miguu minne unalisikia mara mbili ya mwenzako. Dagaa aliweka mguu wa kwanza, wa pili, kisha akalala kifudifudi, kidevu kikigusa mbao, kucha zimetanuka. Akawa anachungulia kwenye upenyo kati ya mbao, maji yanapita chini yake meupe. Nyuma yetu foleni ikaanza. Binti yangu akapiga magoti, akamwita kwa Kiingereza, hakuna. Mume wangu akatoa kipande cha jibini, hakuna. Mimi nikamwambia kwa Kiswahili, sauti ile ninayotumia jikoni akiiba, "Dagaa, twende!" Akanyanyuka, akavuka tumbo likikaribia kuburuza, na upande wa pili akajikung'uta akatembea kifua mbele. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye foleni akampigia makofi.

Hilo la makofi nataka nilieleze kidogo. Miji ya huko kaskazini ni midogo, na mtu mweusi unajikuta mara nyingi uko peke yako dukani. Sijatukanwa wala kufukuzwa, nasema yale niliyoyaona; lakini ukiwa mwenyewe watu wanakupa ile salamu ya kichwa na kupita. Ukiwa na mbwa wanasimama. Wanamuuliza jina, umri, anakula nini, alitoka wapi. Mpaka tunarudi nyumbani nusu ya Grand Marais ilimjua Dagaa kwa jina, na sidhani kuna hata mmoja aliyeniuliza langu.

Duluth ni mji uliojengwa kwenye mteremko, nyumba zote zinatazama ziwa. Ukitaka kuuona wote kwa mkupuo, simama kituo cha mapumziko cha Thompson Hill kabla ya kuteremka. Chini, eneo la Canal Park, kuna mfereji ambapo meli zinaingia bandarini zikipita chini ya daraja la chuma linalopanda na kushuka. Mwaka 1905 halikuwa daraja la kupitisha magari juu yake; lilikuwa na kibehewa kilichoning'inia kikivusha watu na mikokoteni, hadi lilipobadilishwa mnamo 1929 na 1930. Sehemu ya katikati hunyanyuka mzima mzima. Meli kubwa zinazobeba madini ya chuma zinafika futi 1,000, mita 305, na wewe umesimama kwenye ukingo wa saruji karibu kiasi cha kuona kutu ubavuni mwake. Meli hupiga honi kuomba njia, daraja nalo hujibu kwa honi yake. Usisimame pale na mbwa aliyefungwa kamba legevu. Honi ya kwanza Dagaa aliruka kwa miguu yote minne. Ya pili akabweka akimtaka huyo aliyesema ajitokeze. Daraja lilipojibu akatutazama sisi, akaamua kukaa chini ya benchi hadi meli iishe kupita, na meli ya urefu ule haiishi upesi.

Ukivuka daraja unafika Park Point, ulimi wa mchanga wa maili saba hivi uliotenganisha ziwa na bandari. Mbwa wa kufungwa kamba wanatembea huko nje ya eneo la waogaji, mchanga ni laini, na upepo haukatiki. Nilimpigia mama simu nikiwa hapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona upepo hivyo, uko wapi?"

"Niko ziwani."

"Ziwa gani tena huko Ulaya?"

Kwa mama Marekani nayo ni Ulaya, nilishaacha kumrekebisha. Nikamwambia ndilo ziwa kubwa kwa eneo kuliko yote duniani yasiyo na chumvi, linalolishinda hata letu. Akakaa kimya kidogo.

"Mamba wapo?"

"Hakuna, mama. Wala kiboko."

"Kichocho?"

"Hakuna."

"Sasa ziwa gani hilo. Haya, na huyo mbwa wenu kala?"

Kwa takwimu, Superior lina kilomita za mraba 82,100 hivi na Victoria linalofuata lina 68,800. Kwa kina hawana ugomvi kabisa: Victoria halizidi sana mita 80, Superior linazama hadi mita 406. Ndiyo maana Superior ni baridi hata Agosti. Ukitia mguu, mfupa unauma kabla ngozi haijasema. Mbwa mwenye manyoya mazito anaweza kuingia na kutoka akicheza. Dagaa ana manyoya mafupi, aliingia hadi magotini akarudi haraka kuliko alivyokwenda. Huku hatari ni baridi na mawimbi yanayopiga mwamba unaoteleza, na kamba ile ya futi sita utaishukuru ukiwa juu ya mawe hayo.

Mawe yenyewe yana habari. Sehemu kubwa ya pwani hii ni lava iliyotoka ardhini takriban miaka bilioni 1.1 iliyopita, pale bara lilipoanza kupasuka katikati kisha likasita. Sisi wa Maziwa Makuu tunaujua mpasuko unaoendelea: Bonde la Ufa, lenye Tanganyika na Nyasa, na Victoria likiwa limekaa kati ya mikono yake miwili. Kwa hiyo nilikuwa natembea kwenye ufa uliokata tamaa, na mbwa anayenusa kila jiwe ana nafasi ya kutosha ya kukufanya uyatazame mawe hayo. Mengine yana vishimo vya mapovu ya gesi ya zamani. Humo ndimo zilimojengeka akiki nyekundu ambazo watu wa hapa huziokota ufukweni, na jimbo limeifanya akiki ya Superior kuwa kito chake rasmi. Ndani ya hifadhi za jimbo lakini usiokote.

Two Harbors tulipita tukinunua petroli tu. Gooseberry Falls ndiyo hifadhi ya kuanzia kwa mtu mgeni, kwa sababu jengo la wageni ni pia kituo cha mapumziko cha barabara, unaegesha bure na maporomoko yako dakika chache kwa miguu. Kwa sababu hiyo hiyo inajaa. Tulikuwa tunashuka ngazi, nikimkemea Dagaa asivute, nikasikia sauti nyuma yangu: "Dada! Samahani, huyo haumi?"

Alikuwa mama wa Kisomali na watoto watatu, mdogo ameng'ang'ania mtandio wa mamaye. Minnesota ina Wasomali wengi kuliko jimbo lolote Marekani, na wengi wao walipitia Kenya, kwa hiyo Kiswahili cha Eastleigh unaweza kukisikia mahali popote. Nikamwambia haumi, ila namshika. Nikafupisha kamba, nikasogea upande wa mwamba, nikamkalisha Dagaa, wakapita. Alieleza kwa aibu kidogo kwamba si kwa ubaya, ni mambo ya twahara, mate ya mbwa yakimgusa ni kazi ya kunawa mara saba na mara moja kwa udongo. Nikamwambia najua, nimekua na majirani Waislamu. Kisha yule mtoto wa kati akauliza jina, mama akamtafsiria, na neno dagaa likawachekesha wote. Tuliagana kwa "kwaheri dada". Kwenye zile orodha za mitandaoni sijaona linapoandikwa hili: mahali kukaribisha mbwa wako hakumaanishi kila aliyepo amekubali kukaribiwa naye. Kufupisha kamba hakukugharimu kitu.

Split Rock ndiyo picha iliyo kwenye kila kalenda ya Minnesota: mnara wa taa wa matofali juu ya genge la futi 130, mita 40 hivi. Wengi wanaipiga picha hiyo kutoka ufukwe wa kokoto chini yake, ndani ya hifadhi ya jimbo, na hapo mbwa anafika. Mnara uliwashwa 1910 na kuzimwa rasmi 1969. Sababu ya kujengwa ni dhoruba ya Novemba 1905 iliyoharibu meli 29. Mojawapo, Mataafa, ilivunjikia karibu kabisa na mfereji wa Duluth, watu wa mji wakiwa wamesimama ufukweni wakiwaona mabaharia bila uwezo wa kuwafikia. Tisa wakafa usiku ule, wengi kwa baridi. Na kila tarehe 10 Novemba mnara huwashwa tena kwa ajili ya Edmund Fitzgerald, meli iliyozama 1975 na watu wote 29 waliokuwamo.

Mtu wa Mwanza hawezi kusoma habari hizo akapita tu. Nilikuwa msichana MV Bukoba ilipozama, 21 Mei 1996, karibu na nyumbani kiasi kwamba kila mtaa ulikuwa na msiba. Mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara, zikatajwa rasmi maiti 228. Nilikaa kwenye kokoto, Dagaa amejilaza mguuni, nikamwambia binti yangu majina ya hizo meli mbili, kwa sababu habari ya Edmund Fitzgerald alishafundishwa shuleni. Akauliza kama na sisi tuna taa inayowashwa. Nikamwambia pale Mwanza, Igoma, kuna makaburi ya waliokufa Bukoba, watu huenda kila Mei.

Tulikuwa tumepanga nusu saa pale, tukakaa zaidi. Hilo nalo ni la mbwa: haulizi ratiba.

Baada ya hapo unafika Beaver Bay, kijiji ambacho ukipepesa macho umekikosa. Amezikwa pale John Beargrease, na bila yeye barabara hii haielezeki. Alikuwa Mwanishinaabe, yaani mmoja wa wenyeji asilia wa eneo hili, mwana wa chifu, na kuanzia 1879 hadi 1899 alibeba barua kati ya Two Harbors na Grand Marais. Barabara ya maana haikuwapo. Kiangazi alipiga makasia. Ziwa lilipochafuka na theluji kufunika msitu, alifunga mbwa wachache kwenye gari la kuburuta lisilo na magurudumu, akiwa na kengele ili watu wamsikie anakuja. Vijiji vizima vilingoja kengele hizo kupata habari za watoto wao, bei, vifo. Barabara ya magari ilikuja miaka ya 1920. Beargrease alikuwa amefariki tangu 1910. Leo yapo mashindano ya mbwa wa kuvuta kwenye theluji yanayoitwa kwa jina lake, hufanyika mwishoni mwa Januari kwa karibu maili 300 kando ya ziwa hili hili, na yameendelea tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Nilimsomea mume wangu habari hizo kwa sauti akiendesha. Akasema, "Mama Neema, kwa hiyo huyu wa nyuma ndiye mwenyeji, sisi ndio tumepewa lifti." Dagaa wakati huo alikuwa anakoroma.

Mbele kidogo, Silver Bay, kuna ufukwe wa mchanga mweusi ambao picha zake zinavutia sana na historia yake haivutii. Kiwanda cha kusafisha madini ya chuma kilimwaga mabaki yake ziwani, tani zipatazo 67,000 kwa siku, tangu miaka ya 1950 hadi kilipokomeshwa mwaka 1980, baada ya kesi ndefu iliyokuwa mojawapo ya zile kubwa za mwanzo kuhusu mazingira. Mchanga huo mweusi ni mabaki hayo. Tulimtembeza Dagaa pale, tukapiga picha kama wenzetu, na sikumruhusu anywe maji ya pale, labda kwa ushamba wangu tu.

Tettegouche nenda kwa maporomoko ya Mto Baptism. Temperance River nenda uone mto unavyojichimbia mwamba hadi unasikika tu bila kuonekana. Hapo shika kamba mkononi, usiizungushe kiunoni, kingo zinateleza.

Grand Marais ndipo tulipolala. Ni mji wa bandari ndogo, wasanii na harufu ya samaki wa kukaushwa kwa moshi. Tulinunua samaki wa ziwani wa moshi tukala kwenye benchi na viazi vya kukaanga. Nilitamani pilipili na ugali, lakini moshi ulikuwa moshi wa kweli, si dawa ya chupa. Kipande kisicho na mwiba kilimwendea Dagaa, na binti yangu hakuacha kurudia kwamba dagaa amekula samaki. Migahawa yenye meza za nje mara nyingine inapokea mbwa. Sheria ya jimbo inaziachia serikali za miji kutoa ruhusa hiyo, kwa hiyo uliza kwanza, usivamie meza kwa sababu umeona mwenzako kavamia. Jioni nenda Artist's Point, ulimi wa mwamba nyuma ya bandari. Mbwa wote wa mji huwa hapo.

Ya afya niyaseme haraka. Kupe wa kulungu wapo hata vuli na wanabeba ugonjwa wa Lyme. Mpe mbwa dawa ya mwezi kutoka kwa daktari wa mifugo kabla ya safari, na kila jioni mpapase: nyuma ya masikio, makwapani, kati ya vidole, chini ya ukosi. Tulimtoa Dagaa kupe mmoja mdogo kuliko ufuta, shingoni, kwa kibano. Udongo wenye unyevu wa kaskazini una kuvu inayoleta ugonjwa wa mapafu kwa mbwa wanaopenda kuchimba na pua, kwa hiyo akianza kukohoa na kukonda wiki kadhaa baadaye, mwambie daktari mlikuwa wapi. Mbwa mwitu wa huku, wale wanaoitwa "wolf" kwa Kiingereza, nao ni wengi Minnesota kuliko majimbo mengine ukiitoa Alaska, ila utakayekutana naye zaidi ni nungunungu, na mbwa asiye na kamba hujifunza habari za nungunungu usoni. Beba cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Moteli nyingine hukiuliza.

Maili 14 hivi baada ya Grand Marais kuna hifadhi ya Judge C.R. Magney, na ndani yake kitu kinachoitwa Devil's Kettle. Mto Brule unafika kwenye jabali unagawanyika mara mbili. Mkono mmoja unaporomoka kama kawaida. Mwingine unaingia kwenye shimo la mwamba na kupotea. Kwa miaka mingi watu walisimulia kwamba wametupia humo rangi, magogo, mipira, na hakuna kilichoonekana tena. Mwishoni mwa 2016 wataalamu wa maji wa jimbo walipima: juu ya maporomoko mto ulikuwa na futi za ujazo 123 kwa sekunde, chini yake 121. Tofauti ndogo kama hiyo ni ya vipimo tu. Maji yanarudi mtoni chini kidogo, fumbo likaisha. Mimi nililipenda zaidi baada ya kujua jibu. Ngazi za kushukia ni nyingi, magoti yangu ni mashahidi, na za kupandia ni zile zile. Dagaa alipanda mara mbili, kwa sababu kila akifika juu alirudi kunichukua kadiri kamba ya binti yangu ilivyomruhusu.

Mwisho wa barabara ni Grand Portage, ardhi ya Waojibwe, ambao ni sehemu ya Waanishinaabe. Hifadhi ya jimbo iliyopo hapo imekodishwa kutoka kwao, jambo ambalo halipo kwa hifadhi nyingine ya Minnesota. Njia fupi, tambarare, inayofaa hata kiti cha magurudumu, inakufikisha kwenye maporomoko ya Mto Pigeon, futi 120, marefu kuliko yote jimboni. Ukingo wa pili ni Kanada. Unaiona miti yake, unaona watu wake wakipiga picha zao za maji hayo hayo.

Thunder Bay iko chini ya saa moja kutoka hapo na mume wangu alikuwa anaitazama. Lakini mbwa naye ana karatasi zake. Kanada inataka cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, hicho tulikuwa nacho. Kurudi Marekani ndiko kwenye kazi: tangu 1 Agosti 2024 kila mbwa anayeingia lazima awe amefikisha miezi sita, awe na chipu ya utambulisho chini ya ngozi, na mwenyewe awe amejaza fomu ya CDC, idara ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, mtandaoni na kuwa na risiti yake, hata kama mbwa alivuka kwa saa mbili kula chipsi. Kwa anayetoka nchi kama Kanada risiti hiyo hutumika miezi sita, kuingia na kutoka. Anayetaka kuvuka aijaze akiwa nyumbani, kwa sababu huko juu mtandao wa simu unashika unapopenda. Sisi tuligeuza gari, na mume wangu akadai afidiwe kwa donati za Grand Marais, za yule mwenye kibanda chekundu, kabla hajafunga.